Swali Lisilo na Mlinzi

...na jibu lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi, neno moja tu, ndiyo, ndiyo Profesa, mgeni hawezi kujua kamwe, mara taa zikazimika, feni ya darini ikazunguka mara mbili tatu kwa uvivu ikasimama, picha ya kichakataji chake pale ukutani ikatoweka kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuichora, na Rosine akabaki amesimama mbele ya jopo, kipande cha chaki mkononi na mdomo wazi, hajui aufunge au aendelee, maana mwenye swali, Profesa Hugues, aliyesafiri kutoka chuo cha mbali kuja kumtahini, alikuwa ameshageukia dirisha akijipepea kwa mémoire, tasnifu ya Rosine, kurasa mia moja na kumi na mbili zimegeuzwa upepeo, na Mama Présidente, mwenyekiti wa jopo, ameinua kiganja kama askari wa barabarani, "Attendez, ma fille, tungojee groupe, bila projecteur tutaona nini?", na hapo hapo Kifaransa kikakatika pamoja na umeme, ndivyo ilivyo hapa, umeme ukiwepo watu wa chuo husema Kifaransa wakiwa wamekaa wima, ukikatika kila mmoja hulegeza tai akarudi kwenye lugha ya nyumbani, "Franck! Franck iko wapi?", Franck mwenye kuwasha groupe, jenereta ya chuo, "Niko huku inje, Mama Présidente, kamba ya groupe ndio inakatala", "Iko na mafuta?", "Mafuta iko, kamba tu, dakika tano", na dakika tano za Franck, Rosine anazijua, zina watoto na wajukuu... na laiti swali lingekuja nusu dakika mapema, angekuwa ameshajibu, ameshapigiwa makofi, ameshakaa, sasa hivi mama yake angekuwa anapiga vigelegele pale safu ya pili badala ya kujifuta jasho kwa pindo la liputa, kitenge kipya, maana swali lilikuwa la mwisho, hilo tu lilibaki, na nafasi ya assistant katika idara ni moja mwaka huu, anayepata grande distinction, alama ya juu, ndiye anayebaki kufundisha, wengine wanarudi mtaani kubadilisha vioo vya simu, na Yannick, anayeitaka nafasi hiyohiyo, anatetea tasnifu yake kesho, Yannick mwenye sauti ya redio, "Jibu fupi," Profesa Édouard alimwambia jana, Profesa Édouard aliyemwongoza miaka miwili na ambaye sasa anamtupia jicho toka mwisho wa meza na kumwonyesha dole gumba kwa siri, "jibu fupi, sauti kubwa, kisha unyamaze, mutu anayeeleza sana anaonekana mwizi", basi jibu fupi lipo, linangoja umeme, ndiyo, herufi tano, na swali lenyewe si geni, mademoiselle, unaweza kutuhakikishia kwamba mgeni, kwa njia yoyote ile, hawezi kujua kuwa yeye ni mgeni, hata Mama aliwahi kulielewa jikoni, siku ile Rosine alipomweleza kazi yake huku akimenya vitunguu, kwamba kompyuta ni moja lakini ndani yake unaweza kuweka mashine pepe mbili, tatu, ndio wageni wenyewe, kila moja inaaminishwa kwamba kompyuta nzima ni yake, kumbukumbu yote yake, kichakataji chote chake, kumbe juu yao kuna msimamizi anayewagawia, huyu kidogo, yule kidogo, na kati yao kuna kuta, kurasa za huyu yule hawezi kuzisoma wala kuzigusa, akijaribu, kichakataji kinamkamata na kupeleka shauri lake juu kwa msimamizi, na Mama akauacha mwiko umesimama ndani ya fufu, akauliza, "Na kila moja inafikiri iko peke yake?", "Peke yake, Mama", "Na ule wa juu, yeye anajua zote?", "Anajua zote, ndio kazi yake", na Mama akasema "Mm", akaendelea kusonga.

Umeme... ukikatika lazima aufikirie, na kwa kweli ukurasa anaojivunia kuliko zote ni ule wa umeme, sura ya tatu, maana mashine za vitabuni zilichorwa na watu ambao kwao umeme ni kama hewa, haumo hata katika hesabu, lakini yeye kichakataji chake alikichora kule mtaani Mangobo, kwenye kompyuta ya mkononi ambayo betri yake ilishakufa, inaishi kwa waya tu, anakaa kwenye benchi la kibanda cha kuchajia simu kati ya muuza mikate na fundi wa redio, na mara ngapi kazi ya siku nzima imemponyoka, jaribio linakimbia saa sita, limebakiza kidogo, tap, giza, na alipolia mara ya tatu, alilia kweli, mbele ya watu, muuza mikate akamzawadia mkate, ndipo alipoapa kwamba katika mashine yake yeye hakuna programu itakayokufa bila kuambiwa, atafunga kijibetri kidogo cha kushikilia pumzi za mwisho, na kila programu, kubwa kwa ndogo, bwana kwa mgeni, itaruhusiwa kuuliza wakati wowote, je, umeme upo au unaondoka, na kujibiwa swali hilo palepale, bila kumpitia msimamizi, bila kubisha hodi kwa mtu, kwa sababu hodi inachukua muda na umeme ukiondoka haungoji, ndiyo amri aliyoiita soma-hali, amri moja, swali moja lisilo na mlinzi, na Profesa Édouard alipoisoma aligonga meza kwa kiganja, "Voilà! Hii sasa ni machine ya kwetu! Wazungu hawawezi kuiwaza hii!", akamwambia hata aipe sura nzima, na anayeuliza anapewa neno la hali, neno dogo la biti nane, vijumba vinane vilivyopangwa mstari, kimoja kinasema hesabu imefurika, kimoja kinasema jibu ni sifuri, cha tatu kinasema umeme upo au haupo, na cha nne... cha nne kinasema... hapana, subiri, cha nne alikiweka lini, siku ya mvua, vijumba vilikuwa vimebaki wazi, alihitaji mahali pa kuandika ni nani anayetumia kichakataji kwa sasa, msimamizi au mgeni, kitu ambacho kichakataji lazima kikijue ili kijue nani wa kumkamata na nani wa kumwacha, akakisukumia hapo, cha nne, jirani na umeme, kwa sababu kulikuwa na nafasi, kama mtu anayetundika ufunguo wa kabati kwenye msumari wa kalenda... na programu ikiuliza umeme haipewi kijumba kimoja, inapewa neno zima. Neno zima. Mgeni anaamka, anajiona yeye ndiye bwana wa mashine, anauliza tu habari za umeme kama kila mtu wa Kisangani anavyouliza akiamka, na anajibiwa, umeme upo, na kwa hisani ya Rosine, wewe ni mgeni. Chaki imeanza kulowa jasho. Anarudia kichwani, polepole, huenda amekosea, amri haikamatwi, ni kweli, yeye mwenyewe ameandika kwa herufi nzito kwamba haikamatwi kamwe, neno linatoka na ukweli wote, ni kweli, majaribio yake hayakuliona kosa kwa sababu majaribio yote yalipima kuta, mgeni aguse kurasa za jirani, akakamatwa, aibe zamu ya jirani, akakamatwa, kuta ni nzima, kuta hata tembo hapiti, lakini hakuna jaribio hata moja ambamo mgeni aliuliza tu swali la kawaida akasikiliza jibu.

"Franck, bado?", "Bado kidogo, Mama Présidente, nimetafuta kamba ingine", na mjumbe mwingine wa jopo amelala kabisa sasa, kidevu kifuani, na Profesa Hugues ameiweka mémoire mezani, tiketi yake ya ndege imechomekwa ndani kuonyesha alipofika, na Rosine kutoka hapa aliposimama anaona vizuri tiketi ilipo, ni sura ya pili, mwanzoni mwa sura ya pili, hajaifikia sura ya umeme huyu, ameuliza kwa sababu kila mtahini huuliza hivyo, ni swali la kufungia kikao, akiambiwa ndiyo atatikisa kichwa, ataandika namba, wataenda kula, hakuna atakayejua, Yannick hatajua, hata Profesa Édouard hakuona, na aliisoma mara nne... na nani anaumia, mashine yenyewe iko kwenye karatasi na ndani ya kadi moja ndogo, baadaye atasahihisha kimya kimya, akishakuwa assistant, mistari miwili tu, nani ataumia, mgeni akijua kwamba ni mgeni inakuwaje, ukuta hauanguki... lakini hapo Rosine hawezi kujidanganya, hapo ndipo asipoweza, maana yeye anajua inakuwaje, alikuwa na miaka kumi na miwili. Papa Hilaire, baba yake, alikuwa fundi wa reli ng'ambo ya mto, Lubunga, na Ijumaa hadi Jumatatu alikuwa kwenye zamu, hivyo ndivyo ilivyoitwa nyumbani, zamu, na miaka ile treni haikutembea, nyasi zilikuwa zimeota kati ya reli hadi magotini, lakini zamu ya Papa haikukosa hata wiki moja, na mtoto akiuliza, "Mama, treni haitembei, papa anafanya zamu gani?", jibu lilikuwa tayari, "Locomotive iko sawa na mugonjwa, hata kama inalala, inaomba mutu wa kuichunga", na majirani wakiuliza, Mama, na mchungaji akiuliza mbona Papa haonekani ibadani, Mama, maswali yote ya nyumba ile yalipitia kwa Mama Pélagie na kwake yalipata jibu, na kila Ijumaa alimfungia Papa kwanga nne, mikate ya muhogo, kwenye mfuko, "Mama, ine? Papa anakula moja!", "Locomotive nayo inakula", bila kucheka, uso mkavu... mpaka Ijumaa moja Mama akalala na malaria, homa inamtetemesha hadi kitanda kinalia, kwanga hazikupikwa, na Jumamosi mchana Rosine akaona aibu kwamba Papa yuko na locomotive bila chakula, akanunua kwanga mbili sokoni, akateremka hadi mtoni peke yake, akapanda mtumbwi, pirogue ya tonton Jephté, mtu wa Yanonge ambaye alivusha nusu ya mji, na walipofika katikati ya maji akauliza, si kwa ujanja, kwa kupitisha muda tu, "Tonton, papa yangu iko ku dépôt?", yaani karakana ya treni, na Jephté bila kuacha kupiga kasia, "Dépôt? Kufanya nini ku dépôt? Papa Hilaire iko kwake, nyuma ya kanisa, na watoto yake, miye mwenyewe nilimuvusha jana", alisema vile mtu anavyosema leo kuna jua, hakuwa mbaya Jephté, hakuna aliyemwambia kwamba lile ni swali la kukamata, lilikuwa swali ambalo kila mtu aweza kumuuliza mvushaji, na mvushaji humjibu kila mtu. Na alifika, miguu ilimpeleka yenyewe, nyuma ya kanisa, uzio wa mianzi, akachungulia, Papa amepindua baiskeli magurudumu juu, na msichana wa kimo chake, mwenye masikio yaleyale yaliyosimama, masikio ya Papa, masikio ya Rosine, amechuchumaa anashika spana, na Papa ananyoosha mkono bila kutazama na kusema, "Ingénieur yangu, leta ya kumi na tatu", na huyo msichana anaileta, na Rosine alidhani, alidhani maisha yake yote, kwamba ingénieur yangu ni jina lake yeye, kwamba spana ya kumi na tatu ni kazi yake yeye, duniani kote hakuna mwingine. Iliuma. Hakuna neno lingine, iliuma kama kubanwa kidole mlangoni, na jambo lililouma zaidi ni kwamba Papa pale hakuwa nusu, laiti angekuwa nusu, alikuwa mzima kabisa, mzima kule na mzima huku, na yule msichana alikuwa amevaa sketi ya buluu yenye kiraka nyongani, sketi ya Rosine mwenyewe ya shule, iliyombana mwaka uliopita na kupotea, na Rosine akasema moyoni, hata nguo zetu anaiba... akamwachia Jephté zile kwanga, akarudi nyumbani, Mama akafumbua macho mekundu kwa homa, "Umemukuta?", na Rosine akasema, "Nimemukuta ku dépôt", na Mama akamtazama kwa muda, akasema, "Merci, mutoto yangu, lala", na tangu siku ile, miaka kumi na mitatu, Rosine ndiye mlinzi, yeye ndiye anayesimama mlangoni ili Mama asijue, akisikia jirani anaanza, "Eti Papa Hilaire kule ng'ambo...", anaangusha sufuria, anaanza kukohoa, anamwita Mama nje, na aliacha kula na Papa sahani moja, hivyo tu, hakugombana, hakulia, aliacha tu, Papa akadhani ni kukua. Ndivyo inavyokuwa mgeni akijua. Ukuta hauanguki, lakini yeye hakai tena ndani kama alivyokaa.

Kamba imekatika tena huko nje, Franck anatukana kwa Kilingala, wanafunzi wanacheka, na Rosine anainua macho kutazama safu ya pili, anamtafuta Mama, maana mtu akibanwa humtafuta mama yake hata akiwa na miaka ishirini na mitano, na Mama yupo, mkoba wake mkubwa umekalia kiti cha kulia kwake tangu asubuhi, amewakatalia watu watatu kiti hicho, na Papa Hilaire yuko kushoto, suti ya kahawia, mvi, mikono magotini, na nyuma yao, safu ya nne, karibu na dirisha lisilofunguka, pale jua linapochoma... masikio. Mungu wangu, yale masikio. Ni mwanamke sasa, amesuka nywele, ana bahasha mapajani, lakini yale masikio yangemtambulisha hata gizani, na Rosine anajiuliza, nani amemwita, Papa amepatwa na wazimu gani, leo, mbele ya Mama, leo hii, na anajaribu kufikiri aangushe nini, chaki, meza, aanze kukohoa, miaka kumi na mitatu ya kuangusha sufuria na sasa hana sufuria... na wakati huo huo Mama, bila haraka, bila hata kugeuza shingo sawasawa, anauinua ule mkoba kutoka kwenye kiti, anauweka sakafuni kati ya miguu yake, anapangusa kiti kwa kiganja mara mbili na kusema kwa sauti yake ya kawaida ya sokoni, "Fanny, kuja huku, kule jua itakupika", Fanny, amemtaja kwa jina, jina ambalo Rosine mwenyewe hakuwahi kulijua, na msichana anainuka, anapita kati ya magoti ya watu, pardon, pardon, anakaa, Mama anatoa kwenye mkoba kwanga iliyofungwa kwa majani, anaikata vipande vitatu kwa uzi, kimoja kwa Fanny, kimoja anakitia mdomoni mwake, kimoja anakifunika tena, cha Rosine hicho, cha baadaye, na Papa Hilaire anaukodolea macho ule mkoba sakafuni kama mtu aliyeona treni ikipita nyuma ya nyumba yake, mdomo umemdondoka, anafungua kusema, Mama anamwambia, "Kula", ingawa hakumpa kitu. Kwanga nne. Locomotive nayo inakula. Rosine anahisi kicheko kinapanda na hajui kama ni kicheko, kwa sababu sasa kila kitu kinageuka na kuonyesha mgongo, ile sketi, kiraka kile cha nyonga kilishonwa kwa uzi maradufu, hakuna mwingine anayeshona hivyo, sketi haikuibiwa, ilikunjwa ikawekwa ndani ya mfuko chini ya kwanga, na Mama alimtazama vile siku ya homa kwa sababu alijua, Umemukuta, Nimemukuta ku dépôt, alijua kwamba mtoto ameona na kwamba mtoto amedanganya, akaibeba na hiyo, akaiweka juu ya mengine, lala, na sufuria zote zile, Mama atakuwa aliziokota akijua zimeangushwa kwa ajili ya nani, na ule wa juu, yeye anajua zote?, Mama aliuliza jikoni, na Rosine, ingénieur, mwenye kurasa mia moja na kumi na mbili, akamweleza Mama kazi ya msimamizi, akamweleza Mama!, na Mama akasema "Mm". Kumbe aliyedhani anaongoza nyumba mbili ndiye aliyekuwa mgeni kuliko wote, na amejulishwa leo saa nne ya asubuhi, katika ukumbi usio na feni, maskini Papa, anastahili, maskini. Na ana hasira pia, Rosine, asiseme hana, kwa nini Mama hakumwambia, miaka kumi na mitatu ya kusimama mlangoni kulinda chumba ambacho mwenyewe alishatoka, lakini hasira yenyewe ni nyepesi, inapita, inayobaki ni uchovu wa Mama ambao hakuwahi kuuona, kila swali la kila mtu, kila siku, kulipokea, kulipima, kulipa jibu lake, na siku moja tu, siku moja ya malaria katika miaka yote, swali likapita njia ambayo hakuna mtu aliyeisimamia, likaenda moja kwa moja kwa mvushaji... swali dogo kama habari za umeme. Na leo Mama amechoka, au ameona kwamba siku ya mtoto kutahiniwa si siku ya kuficha watu safu ya nne, amehamisha mkoba, basi, ilikuwa kazi ya kuhamisha mkoba tu. Mistari miwili. Kijumba cha umeme kibaki kwa wote, hata Mungu asikifunge, kijumba cha nne kitoke hapo kihamie kwenye neno lake chenyewe, anayekiuliza apelekwe juu, msimamizi mwenyewe aamue la kusema, mistari miwili, lakini si baadaye, si kimya kimya, kwa sababu baadaye kimya kimya anaifahamu, amekulia humo, inaanza na nimemukuta ku dépôt halafu unahitaji sufuria za kuangusha maisha yako yote, na huenda watampa distinction kavu, isiyo grande, huenda watamrudisha miezi mitatu, Yannick kesho na sauti yake ya redio, huenda Profesa Édouard atakasirika, aligonga meza kwa ajili ya sura hii, huenda... inamtisha, hajifanyi shujaa, anaitaka ile nafasi, anaitaka sana, ameiota akiwa kwenye benchi la kuchajia simu na mkate wa zawadi mdomoni... "Mama Présidente, sasa itawaka!", na Franck anavuta kamba, groupe inakohoa mara tatu, inatoa moshi unaoingia wote ukumbini, inanyamaza, "Bado kidogo", na watu wanaguna, na Mama Présidente anasema tena, "Tungojee, ma fille, usichoke", feni imesimama vile vile, ukuta mtupu vile vile, Profesa Hugues anajipepea tena kwa sura ya pili, swali lake lingali juu ya meza halijajibiwa, na lile neno la herufi tano Rosine analitafuta kwenye ncha ya ulimi, halipo, amelimeza bila kujua, anageukia ubao mweusi, ambao tangu siku ulipotundikwa pale haujawahi kumwomba mtu umeme, anachora vijumba vinane kwa mstari, anaandika umeme ndani ya cha tatu, anatia msalaba kwenye cha nne, na kabla hawajamwambia angoje anasema, kwa sauti inayofika hadi safu ya pili, "Hapana, Profesa. Mgeni anaweza kujua. Mimi ndiye niliyemwachia njia."